Vibanda viwili vya mabati: historia ya Geoffrey Griffin, kiongozi wa shule ya watoto wa vita

Kila mwezi wa tisa, shule zinapofunguliwa hapa Butembo, maulizo yanayofika kwetu kwenye redio yanafanana. Mama aliyehama kutoka upande wa Kanyabayonga anauliza: mtoto wangu alikuwa darasa la 7, buletini ilibaki nyumbani siku ile ya kukimbia, sasa nani atamwandika? Baba aliyetoka vijiji vya Beni anauliza kama prefe ana haki ya kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu prime haijatimia. Waprefe nao wana lao la kusema: madarasa yamejaa, benchi hazitoshi, walimu wanangoja kulipwa, na ofisi ya elimu inataka orodha iliyo kamili.

Mwishowe kila ulizo linaangukia mikononi mwa mtu mmoja, kiongozi wa shule. Sisi tunamwita prefe, katika shule ya msingi tunamwita direkta, na majirani zetu wa Kenya na Tanzania wanamwita mwalimu mkuu. Yeye ndiye anayesema "ingia" au "rudi kesho".

Kwa hiyo leo ninawaletea historia ya kiongozi mmoja wa shule ambaye wanafunzi wake wa kwanza walikuwa watoto wa vita na wa njiani, wasio na karatasi wala franga. Si mtu wa kwetu. Alikuwa Mzungu aliyezaliwa Kenya na kufanya kazi yake Nairobi. Jina lake Geoffrey William Griffin, na shule yake inaitwa Starehe Boys Centre. Aliiongoza tangu mwaka 1959 mpaka alipofariki mwaka 2005, yaani miaka 46 kwenye kiti kimoja. Ninamleta hapa kwa sababu tukiangalia kazi yake vizuri, tunaweza kutenga mambo mawili: yale yaliyohitaji franga nyingi, ambazo shule zetu hazina, na yale ambayo hayakuhitaji hata senti moja.

Nairobi wakati wa vita

Tarehe 20 Oktoba 1952, serikali ya Waingereza ilitangaza hali ya hatari katika Kenya. Wapiganaji wa Mau Mau, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, walikuwa wameingia msituni kudai ardhi na uhuru. Vita hivyo viliwaangukia raia, sawa na vile tunavyovijua sisi.

Aprili 1954 jeshi lilizunguka mji wa Nairobi, likapita nyumba kwa nyumba na kukamata watu. Zaidi ya 20,000 walipelekwa kwenye kambi za kizuizi. Vijijini, katika muda wa mwaka mmoja na zaidi kidogo, watu zaidi ya milioni 1 waliondolewa kwa nguvu kwenye nyumba zao na kukusanywa katika vijiji vipya vilivyochimbiwa mitaro na kulindwa na askari. Nyumba za zamani zilichomwa ili mtu asirudi.

Msomaji aliyepata kuhama anaweza kumalizia habari hiyo mwenyewe. Baba yuko kizuizini. Mama yuko katika kijiji cha kulindwa na hawezi kutoka bila ruhusa. Mtoto wa miaka kumi na miwili anabaki kujitafutia. Watoto wengi waliishia katika njia za Nairobi, wakilala penye baridi na kula walichookota sokoni. Wengine walikamatwa pamoja na wakubwa, wakajikuta katika kambi ya Manyani, kwenye barabara ya kwenda Mombasa, wamechanganywa na wanaume wazima.

Kijana aliyetoka jeshini

Griffin alizaliwa mwaka 1933 katika mji wa Eldoret, wa wazazi Waingereza. Vita vilipoanza alikuwa kijana, na aliingia jeshini kama afisa katika King's African Rifles, jeshi la Waingereza katika Afrika ya Mashariki. Baadaye aliacha jeshi, akaenda kufanya kazi na wale vijana waliofungwa Manyani. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu tu, si mkubwa sana kuliko vijana wenyewe.

Katikati ya miaka ya 1950 vijana hao walitengwa na wafungwa wakubwa na kupelekwa kwenye kambi yao wenyewe huko Wamumu, katika tambarare ya Mwea. Griffin alikuwa kati ya waliowaongoza. Pale walifundishwa kusoma na kuandika, walifundishwa useremala na ujenzi, walicheza mpira. Siku yao ilikuwa na saa ya kuamka, saa ya kazi, saa ya masomo na saa ya kulala. Walipotoka walitafutiwa kazi au shule.

Mtu aliyefanya kazi na watoto waliopita katika vita anajua kwa nini siku yenye saa zake ni dawa. Mtoto aliyezoea kwamba lolote linaweza kutokea saa yoyote hawezi kutulia penye fujo. Anahitaji kujua kwamba saa sita atakula, saa nane kuna somo, na kesho itakuwa hivyo tena. Griffin alijifunza jambo hilo Wamumu, na halikumtoka maisha yake yote. Shule yake ya baadaye ilikuwa shule ya kengele na mstari ulionyooka, kwa sababu aliamini kwamba utaratibu unamtunza mtoto.

Alipotoka Wamumu alipewa kazi ya kupanga klabu za vijana katika koloni. Ndipo alipoona kwamba Nairobi ilikuwa bado na watoto wa njiani wengi, na kwamba klabu ya kucheza mpira jioni haimtoshi mtoto asiye na mahali pa kulala.

Mwanzo wa Starehe

Mwaka 1959 Griffin alikuwa na miaka 26. Pamoja na wenzake wawili Waafrika, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, alifungua nyumba ya kupokea watoto wa njiani upande wa mashariki ya katikati ya mji, karibu na Kariokor. Majengo yalikuwa vibanda viwili vya mabati. Vilitolewa na makampuni ya mafuta, Shell na BP. Hapakuwa na maktaba, wala laboratwari, wala uzio wa matofali. Palikuwa na watoto, mahali pa kulala, chakula na watu watatu walioamua kukaa nao.

Majina ya Geturo na Gikubu yasisahauliwe, maana mara nyingi historia inamtaja Mzungu peke yake. Starehe ilianzishwa na watu watatu, na hao wawili walikuwa wanajua lugha ya mama za wale watoto na walijua nyumba zao zilivyovunjika.

Neno la shule lilichaguliwa kwa Kiswahili: "Natulenge Juu". Ukilisema mbele ya mtoto aliyelala jana chini ya kibaraza cha duka, ni neno zito. Halimwambii ashukuru kwa uji aliopewa. Linamtaka aangalie mbali.

Kutoka vibandani shule ilikua hatua kwa hatua. Yalikuja madarasa ya msingi, kisha sekondari, kisha ufundi. Shirika la Save the Children lilisaidia, na wafadhili walitafutwa wa kulipia mtoto mmoja mmoja. Griffin alijulikana kama bingwa wa kuomba, na yeye mwenyewe hakuona aibu kwa jina hilo. Aliandika barua, alibisha milango ya makampuni, alipokea wageni na kuwatembeza shuleni huku wanafunzi wenyewe wakieleza kazi zao. Miaka ilipopita, shule ya watoto wa njiani ikawa kati ya shule za kwanza za Kenya katika mitihani ya taifa. Profesa George Magoha, aliyekuwa waziri wa elimu wa Kenya tangu 2019 mpaka 2022, alisoma pale.

Alipofariki tarehe 28 Juni 2005, akiwa na miaka 72, shule ilikuwa na wanafunzi zaidi ya elfu moja. Walimzika ndani ya kiwanja cha shule.

Mlango: nani anaingia

Sasa tuingie katika namna yake ya kuongoza, maana ndiyo inayotuhusu. Jambo la kwanza ni mlango.

Katika shule nyingi mtoto anaanza kwa kuonyesha karatasi na risiti, kisha ndipo anapoonekana yeye mwenyewe. Starehe ilianza kwa upande mwingine. Watoto wa kwanza hawakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha. Aliyewapokea aliangalia kwanza haja yao, halafu akatafuta darasa linalowafaa. Baadaye, shule ilipopata jina na maombi yakawa mengi, bado waliendelea kuuliza mambo mawili pamoja: huyu mtoto ana uwezo gani wa masomo, na nyumbani kwake kuna shida gani. Wengi walisoma bila kulipa. Wenye wazazi wanaojiweza walilipa, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake.

Jambo hilo la mwisho lina akili yake. Griffin hakutaka shule ya maskini peke yao. Mtoto wa mfanyakazi wa serikali na mtoto asiye na baba walilala katika bweni moja na kula sahani moja. Shule ambayo inapokea wahami peke yao ni rahisi kusahauliwa. Siku moja inakuwa "shule ya wale". Lakini kama mtoto wa mkubwa naye yumo ndani, mkubwa huyo atajali paa linapovuja.

Baraza: kiongozi anayekubali kuulizwa

Jambo la pili ndilo ambalo Starehe inajulikana nalo zaidi. Linaitwa baraza.

Kila wiki wanafunzi wote walikusanyika, na Griffin alisimama mbele yao. Mwanafunzi yeyote, hata wa darasa la chini, aliweza kuinuka na kuuliza au kulalamika. Maharage yana mawe. Kiranja fulani anaonea wadogo. Kanuni hii ina maana gani? Mwalimu wa hesabu amekosa vipindi vitatu. Sharti lilikuwa moja, kusema kwa adabu. Hakuna aliyeadhibiwa kwa sababu ya alichosema barazani. Kiongozi alijibu hapohapo, au alisema atachunguza na kuleta jibu. Kama jibu lilikuwa "hapana", alieleza kwa nini.

Neno baraza sote tunalijua. Kwetu wengine ni veranda, mahali pa kukaa na wageni. Pwani ni kile kiti cha mawe nje ya nyumba ambapo wanaume wanazungumza jioni. Lakini katika Kenya ya wakoloni, baraza lilikuwa mkutano ambapo mkubwa wa serikali alikuja kutoa amri na watu wakasikiliza. Griffin alichukua neno hilo na kugeuza mwendo wake. Maneno yalianza kwa wadogo yakapanda kwa mkubwa, na mkubwa alilazimika kujibu mbele ya wote.

Kwa Wanande jambo hili si geni hata kidogo. Wazee wetu walikuwa na kyaghanda, nyumba ya kukutania penye moto, ambapo neno lililetwa, likazungumzwa na kumalizwa kabla halijawa vita. Tofauti ni kwamba katika kyaghanda waliosema zaidi ni wakubwa. Griffin aliwapa nafasi watoto.

Tusikosee tukadhani ilikuwa shule ya kila mtu kujifanyia atakavyo. Griffin alikuwa mkali. Kanuni zilikuwa nyingi, na neno la mwisho lilikuwa lake. Alikuwa na viranja ambao walibeba kazi kubwa ya kila siku: usafi, bweni, chakula, saa. Lakini kiranja alijua kwamba akimwonea mdogo, habari itasikika barazani. Mwalimu alijua vilevile. Na Griffin mwenyewe alijua kwamba akitoa amri isiyo na maana, wiki ijayo kijana wa miaka kumi na minne atainuka kumwuliza mbele ya shule nzima. Ukali wake ulikuwa na mahali pa kuhojiwa, na ndiyo maana wanafunzi waliuvumilia.

Mwaka 1994 aliandika kitabu juu ya kuongoza shule za bweni, School Mastery, kwa ajili ya waalimu wakuu wenzake. Kenya ilikihitaji sana. Katika miaka ile shule nyingi za bweni zilikuwa na migomo, na migomo iligeuka moto. Mwaka 1999, katika shule moja ya Nyeri, viranja wanne walifungiwa chumbani usiku na kuchomwa na wanafunzi wenzao, wakafa. Machi 2001, katika sekondari ya Kyanguli, upande wa Machakos, bweni lilichomwa na wavulana 67 wakafa. Mwaka huohuo serikali ya Kenya ilikataza adhabu ya kupiga wanafunzi fimbo na ikaunda kamati ya kuchunguza kwa nini watoto wanachoma shule zao.

Katika miaka hiyo yote, Starehe ya Griffin ilijulikana kama shule isiyo na mgomo. Vijana wake walikuwa ni binadamu kama wengine, na wengi wao walikuwa na machungu mengi zaidi. Lakini neno linalomchoma mwanafunzi lilikuwa na siku yake ya kusemwa, na siku hiyo haikuwa mbali kuliko wiki moja.

Kazi kwa ajili ya wengine

Jambo la tatu ni kwamba aliyesaidiwa alitakiwa kusaidia. Kijana wa Starehe alipomaliza masomo, au wakati wa likizo ndefu, alitumwa kufanya kazi ya kujitolea: kufundisha katika shule isiyo na walimu, kusaidia hospitalini au katika ofisi za serikali. Hakulipwa mshahara. Alirudi akiwa amejua kazi, na watu aliowatumikia walijua jina la shule yake.

Griffin alitumia mawazo hayohayo mahali pengine. Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, serikali mpya ilikuwa na vijana wengi wasio na kazi. Mwaka 1964 iliunda National Youth Service, jeshi la kazi la vijana wa kujenga barabara, kulima na kujifunza ufundi, na Griffin akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Alikaa kwenye kazi hiyo mpaka 1988, bila kuacha Starehe. Ni jambo la kushangaza kidogo: serikali ya watu waliopigana na Waingereza ilimpa kijana wa Kizungu, aliyekuwa afisa wa jeshi la Waingereza, kulea vijana wake.

Kwa mtoto mhami, kazi ya namna hii ina faida nyingine. Mtu anayepokea tu kila siku, chakula cha msaada, daftari la msaada, hema la msaada, anaanza kujiona mzigo. Siku anayomfundisha mdogo kusoma, anajiona tena kuwa mtu anayehitajiwa.

Mambo ya kumwuliza Griffin

Historia inayosifu tu haifai kitu. Yako maulizo ambayo hata mwanafunzi wa Starehe angeweza kuyaleta barazani.

La kwanza ni juu ya alikotoka. Griffin alivaa nguo za jeshi lililopigana na baba za watoto aliowalea. Na Wamumu, hata kama ilisaidia vijana, ilikuwa kambi ya serikali ya kikoloni, na serikali hiyo ilipenda kuionyesha kwa wageni kama ushahidi wa wema wake. Wakati huohuo katika kambi nyingine watu waliteswa. Tarehe 3 Machi 1959, mwaka uleule Starehe ilipoanzishwa, wafungwa 11 waliuawa kwa kupigwa na walinzi wao katika kambi ya Hola. Mtu mmoja mwema ndani ya kazi mbaya haiondolei kazi hiyo ubaya wake. Linaloweza kusemwa kwa Griffin ni kwamba vita vilipokwisha hakuondoka kwenda zake Uingereza. Alibaki na watoto ambao vita vilikuwa vimewaacha.

La pili ni juu ya wasichana. Vita havikuwachagua wavulana. Wasichana nao walipoteza baba na nyumba, na hatari za njiani kwao ni nyingi zaidi. Lakini kituo cha wasichana cha Starehe kilifunguliwa mwaka 2005, mwaka ambao Griffin alifariki. Walingoja miaka 46. Sisi hapa tusingoje. Mama anayesema "nitampeleka kwanza kaka yake, dada yake atafuata" ajue kwamba dada mara nyingi hafuati.

La tatu ni juu ya franga. Starehe ilisimama kwa nguvu ya wafadhili, na Griffin alikuwa na njia ya kuwafikia ambayo prefe wa Butembo hana. Alijua lugha yao, tabia zao na milango yao. Hatuwezi kumwambia prefe wetu aige hapo.

La nne ni juu ya muda. Mtu mmoja akiongoza shule kwa miaka 46, shule na mtu vinakuwa kitu kimoja. Siku anapoondoka, kila anayemfuata anapimwa kwa kivuli chake. Kiongozi mzuri anapaswa kuandaa wa kumfuata tangu akiwa na nguvu.

Kwetu Kimemi

Turudi sasa hapa nyumbani. Shule zetu zina historia yao. Nyingi zilianzishwa na misioni za Kikatoliki na za Kiprotestanti. Mwaka 1974 serikali ya Mobutu ilizichukua, halafu kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977 makanisa yalirudishiwa kazi ya kuzisimamia, na serikali ikabaki na mitihani, programu na mishahara. Tangu miaka ya 1990, mishahara hiyo ilipokuwa haitoshi au haifiki, wazazi walianza kubeba shule kwa prime. Septemba 2019 serikali ilitangaza masomo ya bure katika shule za msingi, lakini mtoto akimaliza darasa la 6 na kuingia la 7, mzazi anakutana tena na risiti. Na darasa la 7 na la 8 ndiyo umri ule wa watoto wa kwanza wa Griffin: miaka kumi na miwili, kumi na mitatu, kumi na minne. Ni umri ambao mtoto asiye shuleni anaweza kuchukuliwa na kikundi cha silaha, au na machimbo, au na ndoa ya mapema.

Tangu mauaji ya Oktoba 2014 upande wa Beni, na tangu Kanyabayonga ilipoanguka mwezi wa sita 2024, watoto wa umri huo hawajaacha kufika hapa na mzigo kichwani. Prefe anayempokea hawezi kumpa kila kitu. Hana Shell wala BP. Lakini katika mambo matatu ya Griffin tuliyoyaona, angalia ni yapi yanayohitaji franga.

Mlango unahitaji franga kidogo, si zote. Mtoto asiye na buletini anaweza kupewa jaribio la Kifaransa na la hesabu asubuhi moja, na walimu wakajua kama ni wa 7 au wa 8. Halafu shule na mzazi wanatafuta karatasi pamoja, mtoto akiwa tayari ameketi darasani. Karatasi hizo zina lazima yake, hasa kwa mtoto wa darasa la 8 anayengojewa na TENASOSP, kwa sababu jina lisiloandikwa kwa wakati halifanyi mtihani. Kwa hiyo mzazi mhami naye ana kazi: aseme mapema jina la shule mtoto alikotoka na mwaka aliosoma, asingoje mwezi wa tano. Mara nyingi prefe au mwalimu wa kule naye amehamia hapahapa mjini, na anaweza kushuhudia.

Juu ya prime, COPA ipo kwa ajili hiyo. Wazazi wenyeji na wazazi wahami wakiketi pamoja, wanaweza kukubaliana nani alipe kamili, nani alipe kidogokidogo, na nani aachwe kwa mwaka huu. Ni kile ambacho Starehe ilifanya, kila mmoja kwa kadiri yake. Jambo hilo likifanywa kwa siri ofisini, linaleta manung'uniko. Likifanywa mbele ya kamati na kuandikwa, wengi wanalikubali. Wala tusisahau kwamba mwalimu naye ana watoto wanaongoja prime hiyohiyo.

Baraza halihitaji franga hata kidogo. Linahitaji saa moja kwa wiki, kiwanja, na prefe aliye tayari kusikia kwamba choo cha wasichana hakina mlango. Pengine hilo ndilo gumu kuliko franga. Wengi wetu tulilelewa tukijua kwamba mtoto hamwulizi mkubwa. Lakini mtoto aliyeona kijiji chake kikichomwa tayari ana maulizo makubwa kuliko ya maharage. Akijua kwamba shuleni kuna siku ya kuuliza na mkubwa atajibu bila kumchapa, ameanza kupata tena kitu ambacho vita vilimnyang'anya: kuamini kwamba neno lake linafika mahali.

Na kazi kwa ajili ya wengine haihitaji franga pia. Wanafunzi wa madarasa ya juu wanaweza kukaa na watoto wahami baada ya saa za masomo, nusu saa tu, kuwasaidia kupata yale waliyokosa wakati wa kukimbia. Na mhami aliye hodari katika hesabu awafundishe wenyeji. Wote watajua majina ya wenzao.

Ndugu zangu waprefe na wadirekta wa Kimemi, Bulengera, Mususa na Vulamba, najua mnabeba mengi, na wengi wenu mmefanya haya bila kungoja mfano wa Nairobi. Wale ambao tayari mnawakalisha wanafunzi na kuwasikiliza, tuleteeni habari zenu kwenye redio, wenzenu wajifunze. Na wazazi mnaohama, msimwache mtoto nyumbani kwa sababu ya aibu ya kukosa karatasi. Mshike mkono, mpeleke shuleni, mwombeni prefe kwa adabu ampime mtoto darasani. Shule ya Griffin yenyewe ilianza na watoto wasio na karatasi, chini ya mabati.